Shamba la kakao la marehemu: mila inaishia wapi, sheria inaanzia wapi?

Msikilizaji, chukua mfano wa familia moja ya Ipinda, Ngonga au Matema. Baba amefariki. Ameacha mjane, mabinti wawili walioolewa, kijana mmoja anayesoma sekondari na ekari mbili za kakao. Msiba umekwisha na wageni wameondoka. Wazee wa ukoo wanakaa chini ya mwembe, na mdogo wa marehemu anasema: "Kwa mila yetu shamba ni la ukoo. Mimi ndiye ninayesimama mahali pa kaka yangu." Mjane anajibu: "Shemeji, miche hii niliipanda mimi na kaka yako, mvua ikitunyeshea wote wawili." Mwenyekiti wa kitongoji ameitwa kusikiliza, na anajikuna kichwa.

Kila mmoja hapo anaamini sheria iko upande wake, na wote wawili wana sehemu ya ukweli. Makala haya yanaeleza mila ina nafasi gani katika sheria za Tanzania, kwa nini sheria zenyewe hazikubaliani kuhusu shamba kama hili, na familia inaweza kufanya nini kabla ugomvi haujafika mbali.

Je, mila ni sheria?

Ndiyo. Wengi hudhani mila ni mazungumzo ya wazee tu na kwamba sheria ni ile ya mahakamani. Si hivyo. Tangu mwaka 1961 nchi yetu ina sheria inayoelekeza mahakama zitumie sheria gani katika mashauri, na sheria hiyo inazitambua mila. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo anaweza kuamua shauri kwa kufuata mila za jamii husika, na uamuzi wake una nguvu sawa na uamuzi mwingine wowote wa mahakama.

Lakini nafasi hiyo ina mipaka mitatu.

Mpaka wa kwanza ni aina ya shauri. Mila inatumika katika mambo ya madai, kama mirathi, mahari, ardhi ya kijiji na malezi ya watoto. Haitumiki katika jinai.

Mpaka wa pili ni watu wenyewe. Wanaoshitakiana wawe wa jamii inayoifuata mila hiyo, au iwe wazi kwamba jambo lao linahusu mila hiyo. Huku kwetu hilo si jepesi. Mnyakyusa wa Kyela anaoa Mkisi wa Ikombe, au Mkinga aliyeteremka kutoka milimani, au binti wa Karonga ng'ambo ya mto Songwe. Mmoja wao akifariki, swali la kwanza ni mila ya nani. Mahakama huangalia pia marehemu aliishi vipi. Mtu aliyeishi maisha yake yote mjini, akafunga ndoa kanisani na kuacha desturi za ukoo, anaweza kuonekana kwamba hakuwa chini ya mila katika mirathi yake.

Mpaka wa tatu ni sheria za Bunge na Katiba. Bunge likishatunga sheria juu ya jambo fulani, mila inayopingana nayo inakaa pembeni. Katiba inakataza ubaguzi katika ibara ya 13, na mwaka 2000 neno "jinsia" liliongezwa katika ibara hiyo.

Wazee wetu waliamuaje?

Zamani katika nchi ya Wanyakyusa mashauri makubwa yalifika kwa malafyale. Chini yake walikuwepo mafumu, wakuu wa vijiji, ambao hawakuwa wa ukoo wa utawala bali watu waliochaguliwa kutoka miongoni mwa wenzao. Vijiji vyenyewe vilikuwa vya rika. Vijana wa umri mmoja walijitenga na baba zao, wakajenga pamoja na kukua pamoja. Kizazi kipya kilipokabidhiwa utawala, ardhi nayo iligawanywa upya.

Watafiti Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930 na wakaandika habari hizi. Waliyoyaandika yanatuhusu leo. Mali ya marehemu, hasa ng'ombe, ilikwenda kwanza kwa ndugu yake wa tumbo moja. Watoto wa kiume walifikiwa baada ya kizazi cha baba zao kumalizika. Shamba halikuwa mali ya kurithishana kama ng'ombe, kwa sababu ardhi ilikuwa mikononi mwa kijiji.

Mambo yalibadilika baadaye. Kahawa iliingia milimani Rungwe, mpunga wa kuuza ukaenea bondeni Kyela, watu wakaongezeka na ardhi ikawa haba. Aliyepanda mti wa kudumu hakutaka tena kuhama na kumwachia mwenzake. Shamba likaanza kupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Leo kakao, ambayo Kyela ndiyo wilaya inayoongoza kwa kuizalisha nchini, imelipa thamani kubwa zaidi shamba dogo la nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo mtu akisema "mila yetu tangu zamani ni kwamba shamba ni la ukoo", aulizwe kwa heshima anazungumzia zamani ipi. Mila ya babu zetu ilibadilika mikononi mwa babu zetu wenyewe, maisha yalipobadilika.

Mila iliyoandikwa mwaka 1963

Mwaka 1963 yalitokea mambo mawili makubwa. La kwanza, serikali ya Tanganyika ilifuta machifu. Malafyale akabaki mtu wa heshima, lakini hakuwa tena na mamlaka ya kisheria ya kuamua mashauri. Ng'ambo ya Songwe mambo yalikwenda tofauti. Wangonde wa Karonga, ambao lugha na desturi zao ni ndugu wa zetu, bado wana machifu wanaotambuliwa na sheria za Malawi.

La pili, serikali iliandika mila. Nia ilikuwa kuzipa jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba utaratibu mmoja, ili mahakimu wasihangaike na desturi tofauti katika kila wilaya. Kanuni za mirathi na wosia ziliwekwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963.

Tangazo hilo liliwapanga warithi katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni mtoto wa kiume mkubwa wa nyumba ya kwanza, na ndiye mwenye fungu kubwa. Ya pili ni watoto wengine wa kiume. Ya tatu, yenye fungu dogo, ni mabinti. Binti anaweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini haruhusiwi kuiuza. Kuhusu mjane, tangazo linasema hana fungu lake katika mirathi ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza wao.

Linganisha na yale ya miaka ya 1930. Mila ya Kinyakyusa ilimtanguliza ndugu wa marehemu. Mila iliyoandikwa mwaka 1963 inamtanguliza mtoto wa kiume. Hata kwa tangazo hilo, basi, yule mdogo wa marehemu wa mfano wetu hana hoja nzuri mbele ya kijana wa sekondari. Anadai kwa mila ambayo kitabu cha serikali hakikuiandika hivyo.

Tusiwahukumu wazee bila kuwasikiliza. Ndugu aliyechukua ng'ombe za marehemu alichukua pia mzigo. Alilisha wajane, aliwalea watoto, na alitoa ng'ombe za mahari vijana walipotaka kuoa. Haki na wajibu vilikuja pamoja. Malalamiko mengi ya leo yanatokea pale ndugu anapochukua shamba na kuuacha mzigo kwa mjane.

Kisha ikaja sheria ya ardhi

Mwaka 1999 Bunge lilitunga Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Zote zilianza kutumika Mei 2001, na zimeipa mila nguvu na kuiwekea breki kwa wakati mmoja.

Nguvu ni hii. Hakimiliki ya kimila, yaani shamba ulilopata kwa kugawiwa na kijiji au kwa kurithi, ina hadhi sawa na hati inayotolewa na serikali mjini. Kijiji kinaweza kukupa hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina lako, au majina ya mume na mke pamoja.

Breki ni kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Kinasema ardhi ya kijiji itaongozwa na mila, lakini mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Kwa maneno mengine, mahakama haitakiwi kuitumia.

Sheria ya Ardhi nayo, katika kifungu cha 161, inazungumzia jasho. Shamba likiwa na jina la mume peke yake, na mke akawa amefanya kazi ya kulizalisha, kulitunza na kuliendeleza, kazi hiyo inampa mke sehemu katika ardhi hiyo. Mjane wa mfano wetu aliyepanda kakao anaweza kuanza na hoja hiyo: kabla hatujagawana mali ya marehemu, tujue ipi ilikuwa yake na ipi ilikuwa yetu wawili.

Mahakama ya Rufani iliwahi kuelekeza hivyo katika ndoa iliyovunjika. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, hata kama hakuleta fedha mkononi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilishagusa mambo mengine mawili yanayozungumzwa sana vijijini. Mjane yuko huru kuishi atakapo, kubaki bila mume au kuolewa na amtakaye, hata kama mila inasema arithiwe na shemeji. Na ndoa iliyotimiza masharti ya sheria haivunjiki kwa sababu ng'ombe za mahari hazijamalizika.

Sheria mbili, majibu mawili

Hapa ndipo penye tatizo. Sheria ya ardhi inasema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanaume. Tangazo la mwaka 1963 linasema mjane hana fungu na binti hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Kwa mkulima, ardhi na mirathi ni kitu kimoja, maana wengi wetu tulipata shamba kwa kurithi. Sheria moja inakufungulia mlango wa mbele, nyingine inakufungia wa nyuma.

Mahakama zimeshakutana na mgongano huu. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory kutoka Kagera. Mwanamke alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akapinga, akisema mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimpa haki mwanaume. Mahakama ya Wilaya ikampa mwanamke, na Mahakama Kuu ikathibitisha. Jaji alisema kanuni inayomzuia mwanamke kuuza wakati mwanaume anaruhusiwa ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba.

Wengi walidhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Wajane wawili kutoka Shinyanga, walioondolewa katika nyumba walizoishi na waume zao, waliiomba Mahakama Kuu itamke kwamba kanuni za mirathi za mwaka 1963 ni batili. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta, ikihofia kwamba mila nyingine zote nchini zingefuata kuhojiwa. Rufaa yao ilikwama mwaka 2010 kwa kasoro za kiutaratibu. Wakafika katika kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 kamati hiyo ilisema Tanzania imekiuka haki zao, na ikaitaka nchi ibadilishe sheria.

Somo kwa msikilizaji ni kwamba mwanamke anayedai shamba Kyela ana hoja zenye nguvu, lakini hawezi kukaa akisubiri haki ijilete. Inabidi aseme, alete ushahidi, na akate rufaa inapobidi. Mwanamke wa Kagera alishindwa mahakama ya kwanza.

Yasiyomalizwa chini ya mwembe

Tulisema mila haigusi jinai. Hilo linahitaji kusisitizwa, maana bado kuna familia zinazopokea ng'ombe au fedha ili kuyafunika makosa makubwa. Kumwingilia mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na kumpa mimba mwanafunzi kuna adhabu ya kifungo cha hadi miaka 30. Wazee hawawezi kumsamehe mtuhumiwa kwa niaba ya Jamhuri. Vivyo hivyo, ukoo au mkutano wa kijiji hauna mamlaka ya kumfukuza mtu au kumbomolea nyumba kwa tuhuma za uchawi. Anayefanya hivyo ndiye atakayefika polisi.

Majirani zetu wamefanya nini?

Malawi ilitunga sheria mpya ya mirathi mwaka 2011. Sheria hiyo inawahesabu mwenzi aliyebaki na watoto kuwa warithi, na inasema kunyang'anya mali ya marehemu ni kosa la jinai. Machifu wamebaki, lakini chifu au ndugu anayemfukuza mjane kwa kutumia jina la mila anaweza kushitakiwa. Mto ni ule ule Songwe, na desturi za kando zote mbili zinafanana. Mjane wa Karonga ana sheria ya mirathi inayomtaja kwa jina lake. Mjane wa Kyela anajenga haki yake kwa kuunganisha vipande vya sheria ya ardhi, sheria ya ndoa na Katiba.

Kwa hiyo swali kwa wabunge na viongozi wetu si kama mila ifutwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji imeonyesha kwamba inawezekana kuiheshimu mila na kuondoa kipande kinachobagua. Kazi iliyobaki ni kufanya hivyo hivyo katika mirathi.

Ufanye nini sasa?

Mkiwa hai wote wawili, ombeni hati ya hakimiliki ya kimila kupitia ofisi ya kijiji, na majina ya wote wawili yaandikwe. Hakuna shahidi anayeshinda karatasi hiyo.

Andika wosia. Kanuni za 1963 zenyewe zinauruhusu. Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi 4. Wosia wa mdomo nao unataka mashahidi 4, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie.

Mtu akifariki, kikao cha ukoo kina kazi yake halali, nayo ni kupendekeza msimamizi wa mirathi. Muhtasari uandikwe, waliohudhuria wasaini, kisha upelekwe Mahakama ya Mwanzo. Mjane au binti anaweza kupendekezwa. Kumbuka msimamizi si mrithi. Yeye hukusanya mali, hulipa madeni, hugawa kwa wanaostahili, kisha hurudi mahakamani kutoa hesabu. Shemeji akiteuliwa msimamizi, hajapewa shamba.

Usigonge mlango usio wako. Ugomvi wa nani anarithi unakwenda Mahakama ya Mwanzo. Ugomvi wa mpaka, au wa jirani aliyevamia shamba, huanzia kwa upatanishi katika Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 ambao 3 kati yao ni wanawake, au katika Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Baraza la Kata linapatanisha tu, haliamui tena nani mwenye ardhi. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Usipokuwa na fedha za wakili, waulizie wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao haitozwi fedha. Ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani inaweza kukuelekeza waliko.

Turudi kwenye ule mwembe. Wazee wale wana kazi ambayo hakuna hakimu anayeweza kuifanya vizuri kuwazidi: wanamjua nani alipanda mti upi, mwaka gani, na mpaka ulikuwa wapi kabla mto Mbaka haujafurika. Wakiandika wanachokijua, wakampa mjane haki ya jasho lake na kijana nafasi ya kumaliza shule, shauri linaweza kuisha siku ile ile. Wakiligawa shamba kana kwamba mjane hakuwahi kushika jembe, watakutana naye tena mahakamani, na safari hii sheria itawauliza wao.